Magonjwa ya ngozi katika jalada la mafunzo: tuyapange kwa chanzo, kwa mwonekano, au kwa misimbo?

Mama Muuguzi, Kadutu (Bukavu)

Ndugu wahudumu wa afya, nawasalimu. Kituo chetu kinaandaa jalada la mafunzo kuhusu magonjwa ya ngozi, lenye picha zilizopigwa kwa ridhaa ya wagonjwa pamoja na maelezo mafupi ya matibabu, ili wauguzi wapya walitumie wakati wa kupokea wagonjwa. Picha tunazo, lakini hatujakubaliana juu ya mpangilio. Mwenzetu mmoja anataka tufuate vitabu vya chuo: bakteria, virusi, kuvu, vimelea, mzio, saratani. Mwingine anapendekeza misimbo ya Ainisho la Kimataifa la Magonjwa (ICD), yaani herufi na namba zinazotambulisha kila ugonjwa. Mimi naona kwamba muuguzi aliye peke yake na mgonjwa hajui bado chanzo wala msimbo. Anajua tu kile anachokiona. Je, wenzetu mliowahi kufanya kazi hii mlianzia wapi?

Papa Dokta, Katuba (Lubumbashi)

Mama Muuguzi, mabishano haya yana zaidi ya miaka mia mbili. Mwaka 1776 Joseph Plenck aliyagawa magonjwa ya ngozi kwa umbo la kile kinachoonekana, na kuanzia mwaka 1798 Robert Willan wa London akauimarisha mfumo huo kwa mafungu manane: vipele vigumu, magamba, wekundu ulioenea, malengelenge makubwa, vipele vya usaha, malengelenge madogo, vinundu na madoa. Jean-Louis Alibert wa hospitali ya Saint-Louis, Paris, hakuridhika na njia hiyo, na mwaka 1829 akayachora magonjwa katika mti wenye matawi, akiyaweka kwa koo zake. Mti wake ulikuwa mzuri sana kwa macho. Hata hivyo, njia ya Willan ndiyo iliyoenea, na nadhani sababu ni kwamba ilimwambia mwanafunzi atazame nini kwanza.

Kwa hiyo naunga mkono mwonekano uwe mlango wa kuingilia, na chanzo kiandikwe ndani ya ukurasa. Chukua baka lenye magamba. Linaweza kuwa choa, ambacho mara nyingi huwa na ukingo ulioinuka na katikati iliyoanza kupona. Linaweza kuwa soriasisi, yenye magamba mazito ambayo hupenda viwiko, magoti na ngozi ya kichwa. Au linaweza kuwa ukurutu, ambao kwa watoto waliokwisha kukua hukaa zaidi kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Mkipanga kwa chanzo, magonjwa haya matatu yatatawanyika katika sura tatu, na muuguzi atalazimika kujua jibu kabla ya kufungua jalada.

Kuhusu misimbo, iandikeni kwenye kona ya ukurasa, lakini isiwe uti wa mgongo wa kazi yenu. Katika toleo la kumi la Ainisho, sura ya ngozi inaanzia L00 hadi L99, lakini upele unaoletwa na vimelea (scabies) umewekwa B86, ukoma A30 na melanoma, aina ya saratani ya ngozi, C43, ilhali impetigo, ambayo husababishwa na bakteria, imebaki ndani ya sura ya ngozi kama L01. Mpangilio huo unamfaa mtu wa takwimu. Toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, linaruhusu ugonjwa mmoja uonekane chini ya sura zaidi ya moja, jambo linalowezekana kwenye kompyuta kwa urahisi kuliko kwenye karatasi.

Mwalimu wa uuguzi, Himbi (Goma)

Namheshimu Papa Dokta, ila sikubali kwamba mwonekano uje kwanza kabisa. Mbele ya mafungu yote wekeni kurasa chache za hali zisizosubiri: ngozi inayochubuka huku mdomo na macho yakiwa na vidonda baada ya mgonjwa kumeza dawa, madoa ya zambarau yasiyofifia yakibonyezwa, yakiambatana na homa, na malengelenge yanayotiliwa shaka kuwa mpox (homa ya nyani). Sisi wa Kivu hatuhitaji kukumbushwa mlipuko wa mpox wa Kamituga, mji wa migodi wa Kivu Kusini, wala tangazo la dharura ya mpox la Shirika la Afya Duniani la tarehe 14 Agosti 2024. Mgonjwa wa namna hiyo hutengwa kwanza, kisha ndipo mtu akae aulize kama ni tetekuwanga.

Pia fungu la wekundu la huyo Willan lisinakiliwe lilivyo. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe wa moto mara nyingi huonekana zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, na muuguzi anayetafuta wekundu ataukosa. Andikeni kwamba aguse: joto, ugumu, maumivu. Na kwa baka lililopauka, apime hisia kwa pamba, kwa sababu baka lisilohisi mguso linaweza kuwa ukoma, na kuchelewa huko huleta ulemavu.

Mama Muuguzi, Kadutu (Bukavu)

Asanteni sana; kurasa za dharura nimezikubali bila mjadala. Yamebaki mawili. Wagonjwa wengi hufika wakiwa wamekwisha kupaka krimu za kujichubua zenye steroidi (dawa za kutuliza uvimbe), na picha zao hazifanani na fungu lolote. Halafu choa cha kichwani kwa watoto: kiende pamoja na choa cha mwilini, au kwenye fungu la kunyonyoka nywele?

Papa Dokta, Katuba (Lubumbashi)

Mwalimu amenishinda kwa hoja ya dharura, nami sina la kuongeza hapo.

Krimu hizo zifungulieni fungu lake. Choa kilichopakwa steroidi hupoteza magamba na ukingo wake huku kikiendelea kuenea, na mtu anayekilinganisha na picha ya kawaida atasema ni ukurutu na kuongeza krimu ileile. Swali la kwanza la fungu hilo liwe: umepaka nini, na kwa muda gani?

Choa cha kichwani kiwekeni kwenye nywele. Kuvu ni wa jamii moja na wa mwilini, lakini dawa ya kupaka pekee haitoshi kichwani. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza. Katika ukurasa wa choa cha mwilini acheni mstari mmoja tu unaomwelekeza msomaji huko, na maelezo kamili yakae mahali pamoja, ili matibabu yakibadilika msisahihishe upande mmoja na kusahau mwingine.