Hivi Carl Rogers alikuwa anafanya nini zaidi ya kurudia maneno ya mteja?

msomi_wa_usiku: Wakuu nasoma saikolojia, tumefika kwa Rogers, yule mwanasaikolojia wa Marekani, na ile tiba yake ya kumlenga mteja, mwenzenu naona giza. Freud anachimba utoto wako, wengine wanakupa mazoezi, huyu anakaa tu anasema "kwa hiyo unajisikia umechoka". Hiyo nayo tiba? Ilianzaje mpaka ikakubalika?

mzeewakazi: Ilianzia kwenye watoto. Rogers alikaa miaka kama 12 Rochester, New York akihudumia watoto wenye matatizo, na anasimulia mwenyewe kuna mama alikuwa na mtoto mtukutu, jamaa anajitahidi kumwonyesha kwamba shida ni wewe ulimkataa huyu mtoto mapema, mama haingii kabisa, mwishowe wakakubaliana basi tuishie hapa. Mama kufika mlangoni akageuka, hivi watu wazima nao mnawapokea? Akarudi kukaa, akamwaga mambo ya ndoa yake yote, wala hayafanani na yale ya kwenye faili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Rogers alijifunzia hapo.

Neema_K: Na hilo la kurudia maneno lina chanzo. Kitabu chake cha 1942 kilisisitiza mshauri asimwelekeze mteja, tena aliweka humo kesi nzima iliyorekodiwa, neno kwa neno, kitu ambacho wenzake walikuwa hawafanyi. Watu wakabeba mbinu wakaacha mtazamo, ndo hao makasuku mnaowaona. Mwaka 1951 kikaja kitabu cha kumlenga mteja, halafu 1957 makala ya masharti sita ya kumfanya mteja abadilike. Matatu ndo yanatajwa sana: mshauri awe mkweli asiigize, amkubali mteja bila masharti, na ayaone mambo kama mteja anavyoyaona. Soma tena hayo matatu, mbinu iko wapi hapo?

msomi_wa_usiku: Aah kumbe. Ila kweli yanatosha? Mtu anaogopa lifti mpaka anapanda ngazi ghorofa ya kumi, ukimkubali tu ndo atapanda?

mzeewakazi: Hapo ndo ugomvi ulipo. Yeye aliandika ni ya lazima na yanatosha, mimi la lazima nampa, la kutosha hapana. Huyo wa lifti apelekwe kwenye lifti taratibu, hamna namna. Hata Rogers alipohamia Wisconsin akajaribu njia yake kwa wagonjwa wa skizofrenia, ule ugonjwa mzito wa akili, matokeo hayakuwa ya kushangilia.

Neema_K: Lakini mzee, nani atakubali kupelekwa kwenye lifti na mtu asiyemwamini?