Kusali Nanjing: kanisa, kwaya na zawadi ya harusi

Mwanafunzi mtarajiwa, Moshi:
Wapendwa, habari za leo. Nimepata nafasi ya masomo Nanjing, China, naingia Septemba. Mimi ni Mlutheri, mwanakwaya wa sauti ya tatu. Huko nitasali wapi? Halafu mama anataka nibebe Biblia ishirini za kugawa. Na dada anaolewa Desemba, ameagiza picha ya Kikristo iliyotengenezwa na Wachina wenyewe. Nisaidieni.

Dada wa Nanjing:
Karibu mdogo wangu. Biblia za mama ziache nyumbani. Yako ya kusomea haina shida, ila mzigo wa ishirini forodhani utakuletea maswali. Na kupeleka Biblia Nanjing ni kupeleka samaki ziwani: kiwanda cha Amity kiko hapa hapa, kinachapa tangu 1987, na kufikia 2019 kilikuwa kimeshapita nakala milioni 200, nyingi zikienda nje, Afrika ikiwemo. Za Kichina zinauzwa makanisani. Kwenye maduka ya mtandaoni ziliondolewa 2018.

Kanisa la Kilutheri usilitafute. Madhehebu ya Kiprotestanti yaliunganishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo Mlutheri, Mbaptisti na Mmethodisti wanakaa benchi moja. Anza na Mtakatifu Paulo, barabara ya Taiping Nan, jengo la miaka ya 1920. Wahi, wazee wanashika viti mapema.

Mgeni anaruhusiwa kusali kwenye kanisa lililosajiliwa. Kuwahubiria Wachina, kugawa vitabu au kuanzisha jumuiya yenu bwenini hairuhusiwi, na kanuni mpya za wageni zimeanza Mei 1, 2025. Hata kurusha mahubiri WeChat, mtandao wao wa kutumiana ujumbe, usijaribu. Najua kwetu jumuiya ya nyumba kwa nyumba ndiyo kanisa lenyewe, na hili litakuuma. Mimi bado linaniuma.

Dawa yangu ilikuwa kwaya. Kitabu chao cha nyimbo cha 1983 kina nyimbo 400, na wengi wanaimba kwa nota za tarakimu: 1 ni do, 2 ni re, 3 ni mi. Ukiona "1=G" juu ya wimbo, ndiyo ile "Doh ni G" yetu. Nukta juu ya tarakimu, sauti imepanda. Nukta chini, imeshuka. Kistari mbele kinavuta sauti, mstari chini ya tarakimu unakata pigo nusu, 0 ni kimya. Aliyelelewa na solfa anasoma siku hiyo hiyo. Maneno ndiyo kazi. Mwombe jirani akuandikie matamshi kwa herufi za Kirumi.

Kaka wa Guangzhou:
Wakatoliki wakipita huku Guangzhou, kusini mwa China: Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, barabara ya Yide, la mawe matupu, lilijengwa 1863 hadi 1888. Misa ya Kiingereza ni Jumapili alasiri, Waafrika tumejaa.

Mwanafunzi mtarajiwa:
Asanteni mno. Na picha ya dada?

Dada wa Nanjing:
Mchoraji He Qi ndiye maarufu. Enzi za Mapinduzi ya Utamaduni ya China (1966 hadi 1976), dini ilipopigwa vita, alikuwa akichora sura za kiongozi Mao mchana, usiku ananakili Bikira Maria wa Raphael, mchoraji wa Italia. Rangi zake zinawaka, lakini picha zake halisi si za mfuko wa mwanafunzi.

Mimi ningechukua karatasi ya kukatwa, yaani picha inayopatikana kwa kutoboa na kukata karatasi, kazi ambayo Fan Pu wa hapa Nanjing ameitumia kwa habari za Injili. Ni karatasi moja nyekundu, hakuna gundi. Niliyomtumia shangazi ina Yesu ndani ya mashua ya Kichina, na kila wimbi limeshikana na ubao, ubao na mkono, mkono na fremu. Ukikata uzi mmoja wa karatasi vibaya, mtume mzima anadondoka. Wachina hubandika karatasi hizi madirishani Mwaka Mpya, kwa hiyo nyekundu inafaa harusi pia. Isafirishe bapa kati ya makaratasi magumu, usiikunje. Na dada asiitundike juani, itapauka.

Mwanafunzi mtarajiwa:
Mama amenuna, ila Biblia zinabaki. Joho la kwaya nishone huku?

Dada wa Nanjing:
Joho lipo kanisani. Njoo na viatu vyeusi, hasa kama unavaa namba kubwa.