Mtoto wa awali analinganisha picha vizuri, ukizifunika anakosea. Ni macho au kumbukumbu?

Mwl_Mikindani
Wakuu, watoto wa miaka 5. Kadi ya mfano ikiwa mezani na nyingine nne chini yake, wengi wanaonyesha inayofanana. Nikiufunika mfano, nikahesabu hadi tano kisha nikaleta zile nne, karibu nusu wanakosea. Kurudia namba ninazowasomea nako wanaishia tatu. Nianzie wapi?

kadi_na_chaki
Macho yaondoe kwanza: picha zikiwa wazi wanapatia, basi kwa umbali huo wanaona. Wenye miaka 8 au 9 hujitajia jina kimoyomoyo, “embe, embe”, mpaka waulizwe. Wa miaka 5 kwa kawaida hafanyi hivyo, anategemea sura tu, nayo hufutika haraka. Mwambie ataje picha kwa sauti kabla hujafunika. Akipanda, alichokosa ni mbinu ya kushika.

Halafu tazama makosa yenyewe. Akichagua ngalawa ileile iliyogeukia upande wa pili, umri huo ni kawaida. Na kwa chaguo nne, kubahatisha tu kunampa 2 kati ya 8, kwa hiyo 3 kati ya 8 isikufurahishe.

Tandahimba_2
Namba tatu au nne kwa miaka 5 si tatizo, mwalimu. Tatizo huwa msomaji: anazikusanya mbilimbili kama namba ya simu. Soma moja kwa sekunde, sauti bapa. Kila urefu majaribio mawili. Akikosa yote mawili, simama. Sita na tisa usizipange jirani, zinapishana nafasi ya s na t tu na mtoto huzigeuza. Na anayeongea Kimakonde nyumbani anaweza kukwama kwenye maneno ya Kiswahili, si kwenye kumbukumbu.

Dawa yake ni visoda tisa, ubandike ovyoovyo (si kwa mistari) juu ya boksi la sm 20 kwa 25. Gusa viwili, kimoja kwa sekunde, naye aguse kwa mpangilio huohuo. Kisha vitatu, vinne. Akifika vinne huku namba zikimshinda, angalia lugha au masikio.

Mwl_Mikindani
Na wale wanaodaka kadi kabla sijamaliza kuzipanga?

kadi_na_chaki
Hao usiwape alama bado. Waguse kila kadi kwa kidole, zote nne, ndipo wachague. Jibu sahihi nalo lihamehame. Likikaa kulia mara tatu, watakariri kulia.