Tupeane uzoefu: ni swali gani lililowafanya wanafunzi wako waigundue aljebra wenyewe?

Mwanzisha mada
Ndugu walimu, kwa miaka mingi nilianza aljebra ya Kidato cha Kwanza kwa kuandika kanuni ubaoni na kutoa zoezi, na kila mwaka wanafunzi waliniuliza hiyo x imetoka wapi. Safari hii nilipanga njiti za kiberiti mezani: mraba mmoja ulichukua njiti 4, miraba miwili iliyoshikana njiti 7, mitatu njiti 10. Nikauliza miraba 100 itahitaji njiti ngapi, kisha nikanyamaza, na kunyamaza huko kulinitesa kuliko kazi nyingine yote. Msichana mmoja alieleza kuwa njiti ya kwanza husimama peke yake, halafu kila mraba huongeza 3, hivyo jibu ni 301. Mvulana mmoja alilikubali jibu lakini akaikataa njia, kwa kuwa yeye alihesabu 4 kwa kila mraba na kuondoa 99 zilizohesabiwa mara mbili. Nilipowaomba waeleze kwa miraba n, ubaoni zikawapo 1 + 3n na 4n − (n − 1), wakabishana kama ni kitu kimoja, na ubishi huo ndio uliowafundisha kufungua mabano. Naomba nanyi msimulie.

Mchangiaji wa kwanza
Mwalimu mwenzangu, wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili waliandika kwamba (a + b)² ni a² + b². Badala ya kuwasahihisha, niliwaambia waweke 3 na 4, wakapata 49 upande mmoja na 25 upande wa pili. Niliwauliza: "Zile 24 zimekwenda wapi?" Walichora mraba wa 7 kwa 7 kwenye daftari la hesabu, wakaugawa, wakaziona zimejificha katika mistatili miwili yenye vyumba 12 kila mmoja. Somo hilo lilikula vipindi viwili.

Mchangiaji wa pili
Darasani kwangu maswali yalipokelewa kwa kimya, nami nikadhani hawajui, kumbe waliosoma hisabati kwa Kiswahili shule ya msingi walikuwa wamefungwa na Kiingereza. Sasa hubishana wawili wawili kwa Kiswahili, kisha huandika walichokubaliana kwa Kiingereza cha mtihani. Swali ninalolitumia zaidi ni "Umejuaje?", na huliuliza hata jibu likiwa sahihi, kwa sababu zamani mwanafunzi akiulizwa tu alikuwa anafuta alichoandika.

Mwanzisha mada
Nashukuru sana. Mwalimu wa vipindi viwili, ulivifidiaje, maana muhtasari hautusubiri?

Mchangiaji wa kwanza
Tulipofika kwenye kutafuta vigawo vya x² + 5x + 6, walianza kuchora mstatili kabla sijasema lolote, na mada ambayo zamani ilinichukua wiki nzima tuliimaliza kwa vipindi vitatu.