Kikundi cha Ukoo, Ngamiani: baridi yabisi na gegedu

Rukia: Shikamooni wakubwa. Eti baridi yabisi inaletwa na kuosha vyombo kwa maji ya baridi alfajiri? Na mbona mtu anameza diklofenaki, maumivu yanatulia, lakini vidole vinazidi kupinda?

Shangazi Mwanaisha: Marahaba mwanangu. Jina ndilo linalopotosha. Maji ya baridi yanaweza kuzidisha kukaza, hayaanzishi ugonjwa. Ni kinga ya mwili inayougeukia utando wa ndani ya kiungo. Utando huo kwa kawaida una safu moja hadi tatu tu za seli. Ukishavamiwa hunenepa, huota mishipa ya damu, kisha hutambaa juu ya gegedu, ile tishu laini na telezi inayofunika ncha za mifupa kiungoni, na kuila kuanzia ukingoni.

Bakari Maabara: Hata kwenye ute, yale majimaji ya ndani ya kiungo, unaona. Kiungo chenye afya kina seli nyeupe za damu chini ya 200 kwa maikrolita moja. Chenye baridi yabisi mara nyingi kinapita 2,000, nyingi zikiwa nutrofili, aina mojawapo ya seli nyeupe. Ila goti moja likivimba ghafla pamoja na homa, hospitali siku hiyohiyo, huenda ni usaha.

Rukia: Kumbe nutrofili ndizo zinazokula gegedu?

Shangazi Mwanaisha: Zinachangia, vimeng'enya vyake (kemikali za kumeng'enya) vinakwangua juu. Lakini kwenye utando wamejaa zaidi seli T na makrofaji, askari wengine wa kinga. Seli T huziamsha makrofaji, nazo humwaga TNF, IL-1 na IL-6, kemikali zinazobeba ujumbe wa kinga. Hapa wengi wanakosea: anayekata sana ni fibroblasti, seli ya utando wenyewe, ikishapokea ujumbe huo. Hata seli za gegedu hupokea, zikaanza kubomoa nyumba yao.

Sisi wa Tanga tunaijua singa ya mkonge. Gegedu ni singa za kolajeni (protini ngumu kama uzi) zilizosukwa, katikati kuna jeli inayoshika maji. Jeli ndiyo inayotoka kwanza, na hiyo mwili unaweza kuirudisha kiasi. Singa zikishakatika, basi. Gegedu haina mishipa ya damu, seli zake ni chache, haijishoni.

Bakari Maabara: Na uchochezi huohuo, yaani kinga inavyowasha kiungo, huamsha seli zinazotafuna mfupa. Ndiyo mapengo yale kwenye picha ya eksirei.

Shangazi Mwanaisha: Sasa diklofenaki, Rukia. Inazuia prostaglandini, kemikali za mwili zinazoleta maumivu na uvimbe, ndiyo maana maumivu na uvimbe hupungua. TNF haiigusi, ulaji unaendelea kimyakimya. Dawa inayozuia ulaji, mara nyingi huanzwa methotreksati, MARA MOJA KWA WIKI. Narudia, kwa wiki. Akimeza kila siku uboho wa ndani ya mifupa unaacha kutengeneza damu, anaweza kufa. Andikeni siku kwenye boksi kwa kalamu nene. Asidi ya foliki, ambayo ni vitamini, anywe siku nyingine. Damu na ini vipimwe kabla ya kuanza na akiwa anaendelea. Mjamzito asiiguse. Nafuu huja baada ya wiki 6 hadi 12, asiache wiki ya tatu akidhani haifanyi kazi. Na isinunuliwe dukani bila daktari.

Rukia: Na kujua kama anao ugonjwa, aanzie kipimo gani cha maabara?

Bakari Maabara: Viungo vidogo vya mikono yote miwili, kukaza asubuhi kupita saa nzima, wiki 6 au zaidi: daktari aombe RF na anti-CCP (vipimo vya kingamwili zinazohusiana na ugonjwa huu), CRP (kipimo cha uchochezi mwilini) na picha kubwa ya damu. RF ikitoka hasi msirudi nyumbani mkasema hana. Wapo wenye ugonjwa na RF yao ni hasi.