Tupeane uzoefu: waliosomea kutengeneza tovuti hapa Unguja na Pemba, mlitoka na nini?

binti_kikwajuni

Assalamu alaykum. Mie nakaa mapokezi kwenye ofisi ya kutembeza wageni, Malindi, si mbali na gati. Kila bei ya safari ya Jozani ikibadilika, tajiri wangu anampigia kijana mmoja yuko Dar es Salaam. Kijana anasema "nakuja dada, nipe dakika mbili", na dakika mbili zake ni siku nne. Wiki iliyopita mgeni katubana na bei ya zamani, maana bado ilikuwepo kwenye tovuti. Tajiri ikabidi aikubali, na aliyenuniwa ni mie.

Sasa kuna kozi ya miezi sita, jioni baada ya Magharibi, wanataka laki nne na nusu. Nusu ninayo, nusu nangojea zamu yangu ya mchezo mwezi ujao. Kabla sijazitoa, waliopita huko nipeni yaliyokukuteni wenyewe. Ya kusikia nimeshayasikia ya kutosha.

fundi_bububu

Wa alaykum salaam. Mie nilisoma wakati wa giza. Wakubwa wanajua: Disemba 2009 umeme unaotoka bara kwa waya wa baharini ulikatika, Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Ada nilikuwa nimeshalipa wiki mbili nyuma.

Chuo kilikuwa na jenereta dogo, mafuta ya saa mbili kwa siku. Tuko watu kumi na tisa, kompyuta saba. Maalim akatwambia leteni madaftari. Tukawa tunaandika HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, kwa biki, kisha mwenzio analichukua daftari lako anajifanya yeye ndiye kompyuta: anasoma mstari kwa mstari, na upande wa pili anachora kile ulichomwamrisha. Ukisahau kufunga tegi (ile alama ya amri) ya maandishi mazito, basi yote yaliyobaki anayaandika mazito, mpaka chini, mpaka jina la maalim. Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya tatu mwenzangu akaniambia wino umekwisha kwa makosa yangu, nimlipe biki.

Saa mbili za jenereta zikifika hukai kuwaza, unachapa ulichokwisha kukiandika. Mpaka leo kazi ikinishinda nafunga laptopu natafuta karatasi. Kwa hiyo dada, usikitazame chuo kwa wingi wa kompyuta. Muulize nani anafundisha.

niliachia_njiani

Nilitoka wiki ya sita, walipoanza JavaScript, lugha ya kuprogramu. Nauza simu Darajani, alhamdulillah. Ada haikurudi.

mchambua_karafuu

😂 Pole ndugu.

Mie wa Chake. Kazi yetu ya mwisho ilikuwa kila mtu atengeneze tovuti ya kitu cha kwao. Nikachagua karafuu za ami yangu: kuchuma, kuchambua, kuanika kwenye majamvi. Picha kumi na nne, nimezipiga mwenyewe. Kwenye laptopu yangu kila picha iko pahala pake, raha tupu. Siku ya kuonyesha tukaipandisha hewani, na wazee wamealikwa. Ami kaja na kanzu ya Ijumaa, kakaa mstari wa mbele.

Hakuna picha hata moja. Maelezo yapo, rangi zipo, na vijisanduku kumi na vinne vitupu. Ami akaniuliza kwa upole kabisa: "Karafuu zenyewe zi wapi?"

Nililala saa tisa usiku kutafuta kosa. Kumbe kamera iliyahifadhi majina ya picha yakiishia na JPG kwa herufi kubwa, na mie kwenye ukurasa nimeandika jpg kwa herufi ndogo. Windows hailijali hilo, kwake ni jina moja. Seva nyingi, zile kompyuta zinazoziweka tovuti hewani, zinaendeshwa kwa Linux, na kwa Linux hayo ni majina mawili mbalimbali, kama Hamad na Hamadi. Miezi mitano darasani hakuna aliyetwambia, kwa sababu miezi mitano hatukupandisha kitu chochote hewani. Tulikuwa tunafungulia kwenye mashine zetu tu, na kwenye mashine yako kila kitu ni kizuri.

Sasa kila jina la faili langu ni herufi ndogo, bila nafasi katikati. Ami nilimpelekea linki baadaye, akaitazama kwenye simu ya mjukuu. Kasema jamvi la tatu limeanikwa vibaya.

mama_jambiani

Mwanangu wa Kikwajuni, nilianza kusoma haya nina miaka hamsini na moja, darasa zima wananiita bibi. Nitakwambia kilichonipeleka.

Nina nyumba ya wageni, vyumba sita. Tovuti alinitengenezea kijana hodari, mwenye adabu zake. Jina la tovuti, lile la .com, akalisajili kwa jina lake na barua pepe yake, akanidai pesa nikampa. Sikujua kama hilo lina neno. Akapata kazi Muscat, namba akabadilisha. Mwaka wa kulipia upya ukafika, ukumbusho unakwenda kwenye barua pepe asiyoifungua tena. Jina likaachiwa, akalinunua mtu nisiyemjua. Mgeni wangu wa Ujerumani, anakuja kila mwaka, akaniandikia: mama, mbona nyumba yako imekuwa kamari? Nafungua, kweli, kamari. Na jina lile nimeshaliandika kwenye kibao cha barabarani, kwenye kadi, kwenye taulo.

Sikumlaani. Nilikwenda kusoma. Siku ya kwanza maalim anaeleza tovuti ni nini, mie nikanyoosha mkono: "Jina linaandikwa kwa nani?" Akacheka, akasema hilo ni somo la mwezi wa nne. Nikamwambia mie nimekuja kwa hilo. Sasa nina co.tz, kwa jina langu, barua pepe yangu, neno la siri nimelifungia kwenye kasha la khanga.

Na jengine. Picha za vyumba nilikuwa naziweka kama zilivyotoka kwenye simu, MB sita moja. Maalim akatwambia mkafungue tovuti zenu mkiwa nje, kwa bando lenu, msitumie intaneti ya chuo. Nikafungulia pwani, mlangoni kwangu. Nimemaliza kikombe cha chai, kitanda kimetokea mito tu. Nikazipunguza upana mpaka pikseli 1600, zikawa KB mia mbili na kitu, na kwa macho yangu hazina tofauti yoyote.

chuo_cha_quran_mkoani

Fupi tu. Niliitengenezea madrasa yetu ukurasa, Kiswahili na Kiarabu. Kiarabu kikawa kinaanzia kushoto, na nukta ya mwisho inaruka mwanzoni mwa sentensi. Ustadh akadhani ni mzaha. Dawa yake neno moja ndani ya tegi: dir="rtl". Na upande wa Kiswahili andikeni lang="sw". Wengi wanaacha "en" iliyokuja na kiolezo, halafu wanashangaa kivinjari kinataka kuwatafsiria Kiswahili kana kwamba ni Kiingereza.

maalim_wa_zamu_ya_jioni

Nafundisha haya, kwa hiyo nitasema na la kwetu. Wengi tunafundisha tulivyofundishwa. CSS, lugha ya kupangia sura ya ukurasa, ipo tokea 1996, na bado nimemkuta mwenzangu anawapangisha wanafunzi ukurasa mzima kwa majedwali, mtindo wa wakati huo. Binti, ukikuta hivyo omba pesa zako.

Kabla ya kulipa, omba uonyeshwe tovuti ya mwanafunzi aliyepita, uifungue kwa simu yako. Ikiwa unalazimika kuivuta kwa vidole kuisoma, ondoka. Uliza pia kama chuo kimesajiliwa na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, maana cheti cha mtaani hakikufikishi popote. Mamlaka wenyewe wana vituo vyao Mwanakwerekwe, Mkokotoni, na Vitongoji kwa walioko Pemba. Pita uulize kabla hujavunja mchezo.

Ila kama shida yako ni kubadilisha bei tu, miezi sita ni mingi. Tovuti yenu ikiwa ni ya WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti bila kuandika kodi, na nyingi za aina hiyo ni WordPress, mtu anakaa na wewe siku mbili umemaliza.

fundi_bububu

Maalim kwa heshima, hapo sikuungi mkono. Siku mbili atajua kubadilisha bei. Siku programu-jalizi, kijiprogramu kinachochomekwa kwenye WordPress, ikigombana na nyengine, ukurasa mweupe mtupu, atampigia nani? Yule yule wa dakika mbili.

maalim_wa_zamu_ya_jioni

Kweli. Lakini laki nne na nusu ni zake, si zetu. Aanze na freeCodeCamp, tovuti ya kujifunzia, ni bure, akiona anaiweza ndio akalipe.

mchambua_karafuu

Bure kwa mwenye bando 😅

binti_kikwajuni

Nimesoma yote, Mungu akulipeni. Leo mchana nilipita kwenye chuo chenyewe. Kompyuta kumi na mbili, tatu hazina kibodi. Nikauliza mwanafunzi anapandisha tovuti hewani mwezi wa ngapi. Mtu wa mapokezi hakujua, akamwita maalim, maalim akasema wa pili, akanionyesha tatu za mwaka jana kwa simu yangu mwenyewe. Moja ya duka la mbao Mwanakwerekwe, nzuri kweli. Nimeacha jina, pesa bado.

Kisha nikarudi ofisini nikamuuliza tajiri: jina la tovuti yetu limeandikwa kwa nani? Akasema, "Langu, la nani tena?" Nikamwambia tutazame. Tukatazama.

Tumempigia kijana. Kasema dakika mbili.