Mkwaju wa kwa bibi Chang'ombe unakatwa, naombeni ushauri

Wana Dodoma wenzangu, wakubwa shikamooni, wengine habari za huko mliko. Mimi niko Reading hapa Uingereza. Mjomba kanipigia anasema mkwaju wa uani kwa bibi pale Chang'ombe inabidi ushushwe kabla mvua hazijaanza, shina limeliwa na mchwa ndani limebaki tundu na mti wote umeinamia bati la jirani, na upande ule ndo wanalala watoto, kwa hiyo ubishi hakuna nimekubali. Ila jamani roho inaniuma. Pale chini bibi ndo alikuwa anapepeta uwele, matanga ya babu tulikaa pale, na jua la Dodoma la mwezi wa kumi mnalijua wenyewe. Kwenda siwezi, nauli imeishia kwenye ada za wadogo zangu. Sasa katokea mtu anasema atakata bure ila achukue kuni zote. Mliokata mti mkiwa huku mbali mlifanyaje? Na mbegu naweza kutumiwa?

*Kutoka Columbus, Ohio:*
Pole sana mdogo wangu, wetu ulikuwa mtaa wa Kikuyu hapo hapo Dodoma, najua unavyojisikia. Huyo wa bure msimpe, mkwaju ni mti mgumu na mkaa wake unatafutwa, anajua anachokitaka. Sisi tulimlipa fundi wa chensoo hela yake mti ukabaki wetu, yale matawi makubwa ambayo mchwa hawajafika tukampa mchongaji akatoa vinu na michi na vigoda, kila mtoto wa marehemu mama akapata chake, na mpaka leo dada anatwangia karanga. Mjomba aanzie kwa mtendaji wa mtaa, ruhusa iwe ya maandishi, na kama waya wa umeme umepita karibu TANESCO waje wazime kwanza, halafu matawi yashushwe kwa kamba moja moja kuanzia juu. Na kisiki wasing'oe! Mkwaju unachipua, kama mizizi iko hai mvua za Desemba zikishika utaona, wachague chipukizi moja lililonyooka wazungushie miiba mbuzi wasifike.

*Kutoka Leicester:*
Pole dada. Mbegu za kwenye bahasha achana nazo, huku mbegu za kupanda zinataka cheti cha afya ya mimea, na mkwaju wenyewe haupatani na hii baridi. Zipandwe huko huko. Waziloweke usiku kucha, wapande kwenye viriba virefu maana mzizi wake unashuka chini mapema. Wala msiwe na haraka, mbegu ya mkwaju inatunzika, siyo mwarobaini ambao ukichelewa wiki chache tu imekufa. Matunda ndo ya kusubiri, miaka saba na kuendelea.

*Kutoka Reading:*
Asanteni mno, mmenitoa mbali. Kisiki hakitabaki kwa sababu ukuta utapita pale pale, kwa hiyo miche itaenda kwa shangazi Kizota na kwa binamu yangu mwenye kiwanja Ihumwa. Yule wa bure mjomba keshamkatalia. Siku ya kukata wazee watakaa chini yake asubuhi waseme neno kwanza, mimi ntakuwa kwenye video. Mwenye namba ya mchongaji mzuri wa vinu hapo Dodoma naomba anitumie pembeni, nataka kinu kikubwa kiende kwa shangazi na kigoda kimoja waniwekee.